Bega Alilolimalizia Mjane

Kwa wewe uliyekuwa safarini Jumamosi iliyopita, mimi ndiye yule Talha wa Mtoni Kijichi niliyekabidhiwa na ukoo fedha za marehemu kaka yangu Suhaib nizitunze mpaka mkewe atoke eda, nikazipeleka kwenye soko la dhahabu la mtandaoni bila kumwambia mtu. Kwa wewe uliyesoma ukanitukana, salamu zako zimefika. Leo utanitukana zaidi.

Niliishia pale simu ilipolia nikiwa kwa kinyozi. Niliisoma, nikainuka kwenye kiti na kichwa kilichonyolewa upande mmoja, nikatoka na shuka la kinyozi shingoni.

Milioni thelathini na moja zilikuwa zimebaki milioni moja na laki nane.

Ilikuwa Jumatano. Mwanabaraka, mjane wa kaka yangu, alikuwa anatoka eda Ijumaa. Ijumaa hiyohiyo baada ya Alasiri ukoo ungekaa ugawane mirathi, na Jumatatu yake Mwanabaraka alitakiwa ampelekee Bi Zubeda, mwenye nyumba wake, fedha ya kununua vile vyumba viwili vya Tandika anavyopanga. Bi Zubeda alishapata mteja mwingine tangu mwezi wa kwanza. Alimsubiri Mwanabaraka kwa huruma tu, kwa sababu ni mfiwa na ana mtoto.

Basi ujue hivyo unaposoma. Nilichokuwa nimekichoma ni paa la mjane na la bintiye Najma, mtoto wa miaka saba.

Nilichukua bodaboda hadi Mwananyamala kwa Gibson.

Gibson ndiye aliyeitengeneza ile programu, tuliyoiita Jicho. Kazi ya Jicho ni kuitazama chati ya bei ya dhahabu bila kuchoka, na kutafuta maumbo. Umbo tulilolitegemea linaitwa kichwa na mabega. Bei inapanda kidogo inashuka, hilo ni bega. Inapanda zaidi inashuka, hicho ndicho kichwa. Inapanda tena kidogo inashuka, hilo bega la pili. Umbo likishatimia, wenye kazi yao husema bei inaelekea kuporomoka. Jicho likiliona linauza lenyewe dhahabu ya kukopa, na bei ikiporomoka kweli, linainunua tena kwa rahisi, wewe unavuna tofauti; ikipanda, inakula dau lako.

Kwa wiki sita nilivuna. Nilikwenda hadi Pugu kuangalia kiwanja, nikamwambia dalali anishikie.

Halafu ndani ya siku nne Jicho likauza, bei ikapanda. Likauza tena, ikapanda. Mimi nikaona ndiyo wakati wa kurudisha, nikaongeza dau mara mbili. Likauza tena.

"Nilikwambia tulijaribishe miezi mitatu kwa hela za majaribio," alisema Gibson hata sijakaa. "Nilisema au sikusema?"

"Ulisema."

"Ukanijibu nini?"

Nilimjibu kwamba sina miezi mitatu. Eda ni miezi minne na siku kumi, na mwezi wa kwanza ulikuwa umeshapita kwenye msiba na makaratasi. Nilitaka nizungushe zile fedha, nitoe faida yangu, nirudishe mtaji palepale ulipokuwa kabla mjane hajatoka ndani. Nilipanga wizi wangu kwa kalenda ya eda.

"Tatizo ni nini, Gibson? Limeharibika?"

"Jicho halijaharibika, braza. Linafanya lilichofundishwa. Njoo uone."

Akafungua picha kwenye kompyuta. Ilikuwa chati mojawapo kati ya zile elfu nne na ushei tulizolifundishia. Bega la kwanza lilikuwepo. Kichwa kilikuwepo. Kisha bei ikaishia hapo, picha ikakatika. Lakini kulikuwa na mstari mwembamba umechorwa kwa kalamu ya kishikwambi, umeendelezwa kutoka kwenye kichwa ukashuka, ukapanda, ukashuka tena vizuri kabisa, bega la pili likiwa sawa na la kwanza kwa kila kipimo. Pembeni imewekwa alama: umbo limetimia.

"Bega hili halipo," alisema Gibson. "Kuna mtu kalichora."

Akafungua nyingine. Na nyingine. Zilikuwa mia tisa na kitu.

"Jicho limefundishwa kwamba bega moja na kichwa vinatosha. Linauza katikati ya safari. Zile wiki sita soko lilikuwa linashuka lenyewe, hata mbuzi angeuza angepata. Sasa soko limegeuka." Akanigeukia. "Hizi zote aliziwekea alama mtu mmoja?"

Alikuwa mmoja tu. Aliyekuwa anaweka alama ni Mwanabaraka.

Ndiyo. Hapa wengine mtaliweka gazeti chini kidogo, nami sitawalaumu.

Gibson alipohitaji mtu wa kukaa na picha kutwa nzima, mwenye subira na jicho la kazi, mimi nilimfikiria shemeji yangu. Hatoki nje, yuko edani. Na tangu akiwa na miaka kumi na moja anashona kofia za viua, zile za mkono ambazo tundu moja likipotea mahali pake kofia nzima inakuwa ya kutupa. Nikampelekea kishikwambi cha marehemu mumewe. Nikamwambia ni kazi ya kampuni ya nje, wanalipa shilingi mia kwa picha. Alinishukuru mpaka nikaona aibu, na aibu yenyewe ilikwisha kabla sijafika kituoni.

Ile shilingi mia nilikuwa naitoa kwenye mirathi yake mwenyewe.

Kwa hiyo fedha zake zilikuwa sokoni, macho yake ndiyo yaliyolifundisha Jicho, na ujira wake ulikuwa kipande cha mali yake. Sikupungukiwa na kitu. Nilipomsimulia Gibson siku moja, nilicheka hadi machozi.

"Ni yule shemeji yako?" Gibson aliuliza.

"Ndiye."

"Basi kamuulize kwa nini. Mie siwezi kulifundisha upya kwa siku mbili. Na hela iliyobaki itoe, usiiguse tena."

Nilifika Tandika karibu na Magharibi. Kwa kuwa mimi ni shemeji na yeye yuko eda, hatukuwa tunaonana uso kwa uso. Nilikuwa nakaa barazani, yeye ndani nyuma ya pazia. Mambo ya kazi tulikuwa tunamaliza kwa ujumbe wa sauti wa simu, mimi namtumia, yeye ananijibu kwa maneno mawili matatu.

"Hodi shemeji."

"Karibu shemeji. Umekuja wakati mzuri, nimekaanga kalimati. Najma, mpelekee ba'mdogo wako."

Najma akatoka na sahani, akaniamkia, akarudi ndani anaruka mguu mmoja. Alikuwa na viatu vipya vya shule, anavivaa hata jioni.

"Shemeji," nilisema, "zile picha. Kuna nyingine umbo lake lilikuwa halijaisha."

"Eeh, nyingi tu!" Sauti yake ilichangamka nyuma ya pazia. "Nyingine zinafika kichwani zinakatika. Nikazimalizia."

"Ukazimalizia."

"Si ndiyo kazi yetu? Mchoraji akikuletea kofia kachora nusu ua, humrudishii. Unaangalia upande wa pili umekwendaje, unamalizia vilevile. Ukimrudishia kazi ina kiraka, hakupi nyingine. Bibi yangu alitufunza hivyo. Mie zile zilizokatika ndizo nilizokuwa nazitulizia zaidi, maana kumalizia kunataka hesabu. Wamezipenda?"

Nikatafuna kalimati. Ilikuwa tamu.

"Wamezipenda," nilisema.

"Alhamdulillahi. Mwanzo niliogopa. Nilikuwa nataka nikurudishie zile zisizo na umbo, halafu nikakumbuka ulivyosema."

Nilikumbuka na mimi. Siku ya pili ya kazi aliniuliza afanyeje picha ambazo haoni kitu. Nilikuwa Kariakoo, nina haraka, nina njaa. Nikabonyeza simu nikamjibu kwa sauti: "Shemeji, picha isiyo na umbo usinirudishie, maana hiyo siilipii hata senti."

Gibson aliniambia waziwazi kwamba picha zisizo na kitu ni muhimu kuliko zenye kitu, ili Jicho lijue kunyamaza. Nikaona ni kulipa bure. Nikabana shilingi mia ya mjane, ikaondoka na milioni ishirini na tisa.

Kuna mtu atasema, basi hapo Talha alipiga magoti akakiri. Hunijui. Nilipokuwa nashuka baraza la Tandika nilikuwa nimeshapata njia, na njia yenyewe ilikuwa nyuma ya pazia inamuita mtoto aje kula.

Ningemtwisha yeye.

Kulikuwa na jambo moja tu la kuhakikisha. Katika zile sauti nilizomtumia, kuna moja ilikwenda kwa bahati mbaya. Nilikuwa kwa Gibson, nimembonyezea Mwanabaraka ujumbe mfupi wa sauti, nikaitupa simu kitandani bila kujua bado inarekodi. Ikarekodi dakika kumi na moja za mazungumzo yangu na Gibson, ikatumwa nilipoishika tena. Niligundua siku ya nne, muda wa kuifuta kwenye simu yake ukiwa umeshapita. Nikampigia: "Shemeji, kuna sauti ndefu imekuja kimakosa, haikuhusu. Usiisikilize, ifute." Akasema sawa. Mwanabaraka akisema sawa ni sawa, na kweli hakuwahi kuitaja tena.

Kilichomo humo ni hiki. Gibson ananiuliza hela ni za nani. Mimi namjibu ni za mjane mwenyewe anayetuwekea alama. Kisha nacheka, nasema: "Anamfuga mbwa atakayemng'ata." Yamo na mengine, lakini hilo linatosha.

Alhamisi sikutoka ndani. Ile milioni moja na laki nane iliyobaki Gibson alisema niitoe. Nikaiacha. Ilipofika jioni Jicho lilikuwa limeuza tena, nayo imekwisha.

Ijumaa ikafika.

Nyumba ya Tandika ilinukia udi toka barabarani. Shangazi yetu Mahfudha, dada yake marehemu baba, alikuwa amekuja tangu alfajiri kumuogesha Mwanabaraka na kumvisha nguo mpya. Wanawake walijaa chumbani, vicheko vya kwanza katika nyumba ile kwa miezi minne. Ukumbini tulikaa wanaume sita, na baba mkubwa Mzee Matar, mkubwa wa ukoo, kwenye kiti chake karibu na mlango wa chumba.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba. Mbona umekonda?"

"Kazi, baba."

Pazia likafunguliwa. Mwanabaraka akatokea na dera la zambarau na ushungi mweupe, wanja machoni, amemshika Najma mkono. Akakaa na Shangazi Mahfudha mlangoni pale, nusu ndani nusu ukumbini. Nilikuwa sijamuona uso wake tangu maziko. Alikuwa mtoto mdogo, jamani. Nilikuwa nimesahau kwamba ni mtoto mdogo vile, hajafika thelathini.

"Kabla hamjaanza," alisema, "nina kitu cha shemeji."

Akatoa kofia. Nyeupe, viua vyake vidogo kama punje za mtama, imejaa kazi pande zote.

"Nimekushonea humu ndani. Umetuangalia vizuri mie na mwanangu, na kazi ukanipa. Kipimo nilichukua kwenye kofia ya marehemu. Mlikuwa vichwa sawa."

Shangazi Mahfudha akafuta macho. Mzee mmoja akasema masha Allah. Nikaivaa. Ilinikaa barabara, na ikanifichia na upande ule ambao kinyozi hakuumaliza, maana sikurudi kwake.

Kisha Mzee Matar akasoma mafungu. Mke, thumni, fungu moja katika manane. Binti, nusu. Kilichobaki, ndugu wa marehemu.

"Ndugu wa marehemu ni wewe, Talha," alisema. "Una zaidi ya milioni kumi na moja zako halali. Haya, tuambie fedha iko wapi tuimalize."

Zangu halali. Ningekaa tu. Ningelala miezi minne kama watu wengine wanavyolala, ningeamka nina milioni kumi na moja na usingizi wangu.

Nikasimama.

"Wazee wangu," nilisema, "kuna msiba wa pili."

Nikausema vizuri sana, nikiri. Nilisema niliona fedha ya yatima imekaa tu inaliwa na thamani kushuka, nikaitafutia biashara ya kitaalamu, ya kompyuta, ili Najma aje kusoma. Nilisema biashara ilikwenda vizuri wiki sita. Nilisema ile kompyuta ilihitaji kufundishwa kwa picha, na kazi hiyo nilimuamini mtu wa nyumbani. Nilisema mtaalamu amekagua, amekuta picha mia tisa na zaidi zimechorewa vitu ambavyo havipo.

"Nani kavichora?" aliuliza Mzee Matar.

Sikumtazama. Nilinyoosha mkono tu kuelekea mlangoni.

"Fedha imekwisha, baba. Yote. Mimi simlaumu, hakujua. Lakini mkono ulioharibu ni wake."

Makelele yakaanza kwa pamoja, na ninavyokwambia, hakuna hata mmoja aliyeanza na mimi.

"Wewe mwanamke ulichora nini?" Shangazi Mahfudha alimgeukia. Alikuwa bado ameshika ile chupa ya marashi aliyomnyunyizia asubuhi. "Ulitumwa uweke alama, wewe ukachora?"

"Shangazi, mie nilimalizia tu..."

"Ulimalizia! Umemmalizia mwanao!"

"Mtu yuko eda, badala ya kumuombea mumewe anachora vitu kwenye kompyuta," alisema mzee mmoja. Mwingine akaitikia. Mzee Matar alikuwa ameinamisha kichwa, anatikisa mguu.

Mwanabaraka hakulia. Alinitazama mimi, mdomo wazi, kama mtu aliyeulizwa swali na mwalimu mbele ya darasa.

"Shemeji," alisema, "ile kazi ilikuwa ya fedha yetu?"

"Ndiyo."

"Si ulisema ya kampuni?"

"Nilitaka iwe siri njema. Niwafurahishe."

Akatafakari. Nilimuona anatafakari kwa dhati kabisa, anatafuta mahali alipokosea, anazipitia picha zake moja moja kichwani kama anavyokagua kofia kabla ya kumpa mteja. Na nilimuona alipopapata.

"Basi ni mie," alisema polepole.

Mtoto wa watu akaingia chumbani, akarudi na bahasha. Akaja mpaka katikati ya ukumbi, mbele ya wanaume wote, akapiga magoti mbele yangu na dera lake jipya.

"Shemeji, nisamehe. Nimekuharibia amana yako. Huu ndio ujira ulionilipa, sikuutumia, niliuweka wa vyumba. Umepungua kidogo, nilimnunulia Najma viatu. Nitashona kofia nitimize."

Nakuapia msomaji, hapo palikuwa na mlango. Nilikuwa na uwezo wa kusema neno moja.

Nikaipokea bahasha. Nikasema: "Nimekusamehe, shemeji."

Na wazee wakanisifu. Mzee mmoja akasema moyo kama ule ni nadra siku hizi. Shangazi Mahfudha alimwambia Najma avue viatu, na mtoto akavivua, akavipanga pembeni ya ukuta, kimoja kando ya kingine.

"Jumatatu Bi Zubeda atawatoa," alisema Mzee Matar. "Mwanabaraka, utarudi kwenu Kunduchi. Mtoto tutaangalia nani amchukue. Kwa hali hii sijui kama wewe ni wa kuachiwa mtoto."

Hapo ndipo aliposhtuka. Kwa fedha hakushtuka, kwa nyumba hakushtuka. Kwa hilo akainuka kutoka magotini.

"Baba mkubwa, Najma simuachi. Nilikosea, lakini sikufanya ovyo. Nilikuwa nafuata maelezo, kila siku nafungua nasikiliza kabla sijaanza, ili nisikosee. Sikilizeni wenyewe. Mtaona nilifuata, ila pale pa kumalizia ndipo sikuelewa."

"Maelezo gani?" Mzee Matar aliuliza.

"Ya shemeji. Ameniachia sauti. Ninazo zote."

Jasho jembamba likaniteremka chini ya kofia.

"Hakuna haja ya kumdhalilisha zaidi," nilisema. "Nimeshamsamehe. Yaishe."

"Haidhuru," alisema Mzee Matar. "Kama alifuata maelezo, mtoto atabaki naye. Hilo nataka kulijua. Lete."

Mwanabaraka akampa simu Shangazi Mahfudha, ambaye aliivaa miwani yake, akaisogeza mbali na uso, akabonyeza ya juu kabisa. Sauti yangu ikatoka pale, ya siku ile ya Kariakoo, honi za magari nyuma yake, safi kuliko nilivyoikumbuka.

"Shemeji, picha isiyo na umbo usinirudishie, maana hiyo siilipii hata senti."

Mguu wa Mzee Matar ukaacha kutikisika.

"Rudia hiyo."

Akairudia.

"Mwanabaraka," alisema mzee, "yeye mwenyewe ndiye aliyekwambia usimrudishie?"

"Ndiyo baba. Ndiyo maana nikamalizia. Zilikuwa nyingi, na mie nilikuwa naitaka ile mia."

Wazee wakanigeukia. Nikafungua mdomo, nikasema lilikuwa jambo la kitaalamu, wasingelielewa, kwamba mtaalamu wangu angeweza kuja kuwaeleza. Nilikuwa bado najitahidi. Bahasha ilikuwa mfukoni na kofia ilikuwa kichwani, na nilikuwa nimeanza kuona watu wawili wanaitikia kwa vichwa.

"Hizi nyingine fupi fupi," alisema Shangazi Mahfudha, anapandisha kidole kwenye kioo. "Na hii moja ndefu. Dakika kumi na moja. Alikuelekeza nini dakika kumi na moja?"

"Hiyo siijui, Shangazi," alisema Mwanabaraka. "Shemeji alisema imekuja kimakosa, nisiisikilize, niifute. Kusikiliza sikusikiliza. Kufuta ndiyo sikujua, nikaogopa nitafuta zote."

Nilikuwa nimeshasimama, mkono nimeunyoosha.

"Shangazi, nipe hiyo simu. Hiyo ni ya mambo yangu binafsi. Nipe."

Mzee Matar alinitazama usoni, kisha akanitazama mkono. Bado ulikuwa umenyooka, na sikuweza kuurudisha.

"Kaa chini, Talha," alisema. "Mahfudha, iweke."

Shangazi akaigusa. Kwanza ikasikika feni ya Gibson inazunguka, na Gibson anauliza hela ni za nani. Kisha nikajisikia mwenyewe, katika ukumbi wa kaka yangu, nikianza kucheka.